Mwanafunzi wa uuguzi apewe mtu wake wodini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Arusha aliyelalamika kwamba wauguzi wa siku hizi hawajui kazi. Alieleza jinsi mama yake mzazi alivyochomwa huku na huku akitafutwa mshipa wa kuwekea dripu mpaka mkono ukavimba, na binti aliyekuwa akimchoma akaondoka bila kusema hata pole. Mwisho akahukumu kwamba vijana hawa hawana wito, wamezoea simu, na vyuo vinawapitisha ilimradi ada imelipwa.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimestaafu, naishi Rau hapa Moshi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanyia leba na wodi ya wazazi, miaka ya mwisho nikiwa mkuu wa wodi. Wanafunzi waliopita mikononi mwangu ni wengi. Baadhi yao leo ni wakufunzi, na mmoja ndiye aliyempokea mjukuu wangu alipozaliwa. Malalamiko ya ndugu yule siyakatai. Mama yake aliumia, na pole alistahili kupewa. Ninachokataa ni sababu aliyoitaja. Laiti angemuuliza yule binti pale pale kitandani, "Leo unasimamiwa na nani?", nina hakika asingetajiwa jina la mtu.

Kwa wasioufahamu mkoa wetu, Kilimanjaro imejaa wanafunzi wa afya. Hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 na imefundisha watu wa kada zote. Shule za uuguzi ziko Kibosho, ziko Machame, iko Huruma kule Rombo, na vyuo binafsi navyo vimeongezeka. Sioni ubaya wa kuongezeka kwake. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba dunia ina upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa sana ya pengo hilo iko katika nchi za kipato kama chetu. Tunawahitaji vijana hawa. Ila vitanda vya kujifunzia havikuongezeka kwa kasi ya madarasa, na wauguzi wa kuwafundisha kando ya vitanda hivyo ndio kabisa hawakuongezeka.

Ingia wodi yoyote kubwa Jumatatu asubuhi, saa moja na nusu, wakati wa kukabidhiana zamu. Utakuta sare za rangi tatu nne, kila chuo na rangi yake, vijana wamesimama ukutani mpaka mlangoni. Wauguzi wa zamu ni wawili, labda watatu. Ripoti inasomwa harakaharaka, daktari anaanza raundi, na hapati pa kupita. Mkufunzi wa chuo yuko darasani anafundisha mwaka mwingine. Akija ni mara moja kwa wiki, na fomu ya mahudhurio mkononi. Kinachofuata tunakijua sote tuliofanya kazi wodini. "Wewe binti, peleka sampuli maabara." "Wewe kaka, kafuate majibu." "Nani atasukuma machela?" Kijana anamaliza mzunguko wake akiijua njia ya maabara kuliko anavyoijua mishipa ya mkono wa mgonjwa.

Halafu kuna kile kitabu. Kila mwanafunzi anatembea na kitabu cha mazoezi, wao wanakiita logibuku. Ndani yake zimeorodheshwa kazi: kuweka kanula (kile kibomba cha plastiki kinachobaki mshipani cha kupitishia dripu), kuingiza mpira wa mkojo, kujaza patogramu (chati ya maendeleo ya uchungu wa uzazi), kuzalisha, kumhudumia mtoto anayeshindwa kupumua, kusafisha kidonda, na mbele ya kila kazi kuna nafasi za sahihi. Kimetungwa vizuri, sina neno nacho. Lakini fika wodini wiki ya mwisho ya mzunguko uone. Wamepanga foleni kwenye dawati la muuguzi. "Shikamoo sista, naomba unisainie, kesho tunarudisha chuoni." Sista amechoka, ana wagonjwa wanamsubiri, anachukua kalamu na kushuka nayo ukurasa mzima kuanzia juu hadi chini. Kati ya kazi zote alizozisaini hakuna aliyoiona kwa macho yake. Kitabu kikifika chuoni kinahesabiwa, kinapigwa muhuri, na kijana anahesabiwa kuwa anaweza kuweka kanula. Mwaka mmoja baadaye anakutana na mama wa msomaji wetu.

Katika wodi niliyokuwa naiongoza tulikubaliana kwamba sahihi inawekwa siku ile ile kazi inapofanyika, na anayesaini ni yule aliyesimama hapo akiona. Kitabu hakiachwi mezani. Kuna waliochukia. Chuo kimoja kilimlalamikia matroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali, kwamba vitabu vya wanafunzi wake vinajaa taratibu kuliko vya wenzao wa wodi nyingine. Matroni alikuja, akakaa nasi zamu nzima, akaona tunavyofanya, na utaratibu ukabaki.

Ombi langu kuu ndilo hili: kila mwanafunzi anayeingia wodini apewe muuguzi wake mmoja, kwa jina, na jina hilo liandikwe kwenye ratiba ya zamu inayobandikwa ukutani. Kwenye mstari wa muuguzi kuwe na jina la mwanafunzi wake. Anapokwenda muuguzi, mwanafunzi yupo. Muuguzi akiwa zamu ya usiku, mwanafunzi naye ni wa usiku. Siku zao za mapumziko ziwe zile zile. Muuguzi mmoja asipewe wanafunzi zaidi ya wawili. Mambo mengine yote nitakayoyataja yanategemea hilo, kwa sababu mtoto wa watu wote ni mtoto asiye na mtu.

Nieleze inavyokuwa pale mwanafunzi anapokuwa na mtu wake, na nichukue kanula hiyo hiyo iliyomuumiza mama wa Arusha. Mara ya kwanza anatazama tu, nami nasema kwa sauti kila ninachokifanya. Namwambia mgonjwa ninachokwenda kufanya. Nafunga mpira juu ya kiwiko. Nautafuta mshipa kwa ncha ya kidole, maana kuna mshipa unaoonekana vizuri lakini ukiufuata unakimbia, na kuna usioonekana kabisa lakini kidole kinauhisi, umetulia. Nasafisha kwa spiriti na kusubiri ikauke. Naivuta ngozi kuelekea chini kwa dole gumba ili mshipa usiteleze. Naingia kwa mlalo, na damu ikirudi kwenye kanula nailaza zaidi, naisukuma plastiki mbele huku sindano nimeishikilia palepale. Mara ya pili mikono ni yangu lakini maneno ni ya mwanafunzi: ananitangulia kusema hatua inayofuata, na asiposema mimi sifanyi. Akisahau kitu, kasahau mdomoni tu, mgonjwa hajaumia. Akishaweza kuzisema hatua zote bila kusitasita, ndipo anashika kanula, na mkono wangu uko karibu na wake.

Tena kuna masharti. Mgonjwa ameulizwa na amekubali. Mwanafunzi akikosa mara mbili anaacha, naendelea mimi. Na kabla hajaondoka kitandani anamtazama mgonjwa usoni na kumwambia pole. Pole hiyo tunaifundisha kama tunavyofundisha kunawa mikono, kwa sababu kijana aliyekosa mshipa ameona aibu, na mtu mwenye aibu hukimbia. Yule binti wa Arusha sidhani kama ni katili. Nadhani alikuwa peke yake, mkono unamtetemeka, hajui amwite nani.

Njia hii ya kumfanya mwanafunzi aseme kabla ya kutenda nimeitumia kwa kila kitu, kuanzia kupima presha mpaka kupokea kondo la nyuma. Haihitaji umeme wala kompyuta. Inahitaji muuguzi mmoja ambaye hajaitwa kwingine kwa robo saa.

Kuna jambo la pili linalonigusa zaidi kwa kuwa mimi ni mtu wa leba. Mtoto akizaliwa halii, ana dakika moja. Ndani ya dakika hiyo awe amekaushwa, amesuguliwa mgongo, njia ya hewa imesafishwa kama ina uchafu, na kama bado hapumui awe ameanza kupuliziwa hewa kwa mfuko na maski. Mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue yaliyoenea nchini tangu mwaka 2010 yanaiita Dakika ya Dhahabu. Yanatumia mdoli wa mpira, unaojazwa maji ya uvuguvugu ili uwe na uzito na ulegevu wa mtoto mchanga. Kuna kipira unachoweza kukibonyeza ukampa mapigo ya kitovuni au ukayasimamisha, na kifua kinapanda pale tu hewa inapoingia sawasawa. Mdoli ule haumdanganyi mtu. Kichwa cha mtoto ukikikunja, kifua hakipandi. Maski isipokaa vizuri usoni, hewa inatorokea pembeni, kifua hakipandi. Nimewaona vijana wenye alama nzuri za darasani wakizidi kubonyeza mfuko kwa nguvu, wakati kinachotakiwa ni kusimama, kukiweka sawa kichwa, kuibana maski upya na kuangalia mdomoni.

Ushahidi wa namna ya kufundisha jambo hili tunao jirani, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara. Mwaka 2010 watumishi wa pale walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa kwenye mdoli baadaye walifanya vizuri kuliko mwanzo, lakini walipochunguzwa wakiwa kazini leba, utendaji haukuwa umebadilika. Wangekuwa watu wengine wangeandika ripoti kwamba mafunzo yamefanyika, wakafunga faili. Wao mwaka 2011 wakabadili utaratibu: mdoli ukaletwa leba, watumishi wakafanya mazoezi wawili wawili, dakika chache tu kila wiki, na mara moja kwa mwezi zoezi refu kidogo la kama dakika 40. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Hawakubadili somo. Walibadili jinsi ya kulirudia.

Sasa niulize vyuo vyetu, mdoli wenu uko wapi? Katika baadhi ya vyuo nilivyoalikwa kutahini niliukuta umefungiwa kabatini, funguo ziko kwa mtu mmoja, na unatolewa wiki ya mtihani wa vitendo. Wanafunzi wanaushika kwa zamu huku wenzao wakiwasukuma, kisha unarudi kabatini ukiwa safi kabisa. Ninaomba mdoli ukae leba, juu ya meza iliyo karibu na ile ya kuhudumia watoto, na mwanafunzi na muuguzi wake waufanyie zoezi kila usiku unapotulia. Saa nne usiku, wakati kina mama wawili wanasubiri njia ifunguke na hakuna dharura, dakika tano zinatosha. Usiku ule mtoto akizaliwa kimya, mkono unajua pa kwenda.

Sasa niseme na wauguzi wenzangu kuhusu kugomba. Tuna desturi ya kumfokea mwanafunzi mbele ya mgonjwa, mbele ya ndugu, mbele ya daktari. "Chuoni mlifundishwa nini?" "Toka hapa, utaniulia mtu!" Wapo wanaojitetea kwamba nao walifundishwa hivyo hivyo na wakaijua kazi. Mimi najibu kwamba waliijua kwa sababu enzi zile mwanafunzi alikuwa na sista wake aliyemfokea na kumfundisha. Leo kufundisha kumeondoka, kumebaki kufoka. Mwanafunzi aliyefokewa haulizi tena, na asiyeuliza anakisia. Anakisia kipimo cha dawa, anakisia kama presha aliyoisikia ni ile, anaandika namba iliyofanana na ya jana ili asiulizwe. Nimekuta chati ya presha ambayo vipimo vyake vyote vya usiku vilikuwa namba moja isiyobadilika. Nilipomwita kijana pembeni na kumpa kiti, alisema kipima presha kilikuwa kibovu tangu saa mbili usiku na aliogopa kumwamsha sista. Mgonjwa yule alikuwa na kifafa cha mimba. Hakufa, namshukuru Mungu.

Kukosoa lazima tukosoe. Kama kuna hatari, sema "ngoja," ingia, chukua kazi, malizia mwenyewe. Maelezo yatafuata kwenye chumba cha dawa, mlango umefungwa: nini ulikusudia kufanya, nini kilitokea, kesho utafanyaje. Mwanafunzi ajibu kwanza, wewe ndiyo ufuate.

Suala la lugha nalipitia kwa kifupi. Vijana hawa wanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na wengi wametoka kidato cha nne, hawajakimudu. Anayenyamaza kwenye raundi si lazima awe hajui. Mimi nilikuwa namwambia, "Nieleze kwa Kiswahili, kama unamweleza mama huyu, kwa nini tunampa dawa hii." Akishaweza hapo, tunaandika pamoja kwa Kiingereza kwenye faili. Mara nyingi tulikuwa tunamgundua mwanafunzi hodari aliyekuwa amejificha nyuma ya wenzake. Na mgonjwa, aliyekuwa anasikiliza muda wote, alikuwa ameelewa dawa zake.

Nitakaa kidogo kwenye jambo ambalo halimo kwenye mitaala kwa uzito unaostahili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana miaka 18 au 19. Wengi hawajawahi kuona mtu akikata roho. Siku ya kwanza inapotokea, anaambiwa "leta skrini", anashika ncha moja ya shuka, na kazi ikiisha kila mtu anarudi kwa wagonjwa wake. Hakuna anayemgeukia. Jioni anapanda daladala na watu wanaozungumza bei ya nyanya Mbuyuni, anafika chumbani kwake, na kesho anatakiwa awe ameripoti saa moja na nusu.

Namkumbuka binti mmoja, mpole, mwenye mwandiko mzuri, aliyekuwa katika hospitali moja ya hapa wakati mama mmoja wa wodi ya wazazi alipofariki kwa kutokwa damu. Yeye ndiye aliyekuwa akiishikilia chupa ya dripu. Baada ya siku ile hakuonekana. Chuo kiliandika mtoro, zikafuata barua, na alikuwa amebakiza kidogo kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Hakuna aliyemuuliza sababu mpaka mwenzake wa chumba alipokuja kuniambia kwamba dada yule halali, akifumba macho anaona damu. Nilimwomba aje nyumbani kwangu, si wodini. Tulikaa, tukanywa chai, nikamweleza hatua kwa hatua kilichotokea usiku ule, dawa zilizotolewa, damu iliyotafutwa na kuchelewa kufika, na kwamba chupa aliyoishika aliishika vizuri. Hilo la mwisho ndilo alilokuwa anahitaji kulisikia. Alikuwa amejishawishi kwamba mkono wake ulilegea. Alirudi chuoni, na leo anafanya kazi katika zahanati moja wilaya ya Same.

Kwa hiyo tangu hapo sikukubali zamu iishe baada ya kifo bila kuketi. Tunakaa chumba cha kubadilishia nguo, dakika kumi zinatosha: nini kilitokea, tulifanya nini, nini kilikuwa nje ya uwezo wetu. Kila mwanafunzi aliyekuwepo anasema neno. Na ile kazi ya kumwandaa marehemu hatumwachii mwanafunzi na mhudumu peke yao. Muuguzi wake anakuwepo. Anamwonyesha namna ya kufumba macho kwa pamba yenye maji, kukifunga kidevu kabla mwili haujakakamaa, kunyoosha mikono, kuosha, kuandika jina na kulihakiki. Nilikuwa nawafundisha waendelee kumwita marehemu kwa jina lake wakati wote wa kazi hiyo: "Mama fulani, tunakugeuza sasa." Ilikuwa inawatuliza, na ndugu waliokuwa nje ya skrini walikuwa wanasikia.

Maisha ya nje ya wodi nayo yanaingia wodini. Wengi wamepanga vyumba Pasua na Majengo, wanapika kwa zamu, na mwisho wa mwezi wanalala na chai. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwafikia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Hiyo ni hatua kubwa, ila si wote wanaopata. Nimemdaka mikononi mwangu msichana aliyeanguka leba alfajiri, na alipozinduka tukajua hakula tangu juzi yake. Hospitali inaweza kuwapa wanafunzi wa usiku chai na mkate. Chuo kinaweza kuhakikisha msichana haendi zamu ya usiku kwa bodaboda asiyemjua. Na kila mkufunzi anaweza kuwa na orodha fupi ya wanafunzi wake, anawaita mmoja mmoja, anauliza habari za ada, chakula, afya, kabla matokeo ya mtihani hayajamwambia kwamba kuna mtu anazama.

Nitajibiwa kwamba wauguzi hawatoshi, watafundisha saa ngapi? Najua hawatoshi, nimekuwa mmoja wao. Lakini tazama wanafunzi wanakuja lini: Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi, wote kwa pamoja. Jioni wodi haina mwanafunzi. Jumamosi na Jumapili hakuna. Usiku wachache. Watoto wanazaliwa saa zote 24. Vyuo vikikaa pamoja na hospitali vikawagawa vijana kwenye zamu zote, msongamano wa asubuhi unapungua, na muuguzi wa usiku anapata mwenzake wa kushika taa. Vilevile vituo vya afya kama Pasua na Majengo vinazalisha. Mwanafunzi anaweza kuona mengi pale kuliko akiwa wa kumi na tano kwenye raundi ya hospitali kubwa.

Chuo kinapoilipa hospitali fedha za mazoezi ya wanafunzi, sehemu yake ifike kwa muuguzi anayesimamia, kwa utaratibu ulioandikwa na unaojulikana. Saa zake za kufundisha ziingie kwenye faili lake la utumishi na zitazamwe anapopandishwa daraja. Na Baraza la Uuguzi na Ukunga pamoja na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, wanapokwenda kukagua chuo, baada ya kuhesabu madawati na vitabu waombe pia kuonyeshwa ratiba ya zamu za wodi ambako chuo kinapeleka wanafunzi. Wasome majina. Kisha wamtafute mwanafunzi yeyote koridoni, wamuulize mtu wake ni nani.

Kwa ndugu yangu wa Arusha, na kwa kila anayelaza mgonjwa: mwanafunzi akija na trei, muulize jina lake na jina la anayemsimamia. Akiwa naye pembeni, mruhusu, hata kama mkono wake ni mzito, kwa kuwa ndiyo namna pekee ya kujifunza. Akiwa peke yake, una haki ya kukataa. Kataa kwa upole, usimtukane, kisha mwite mkuu wa zamu na umwambie kwamba mtoto huyu ameachwa.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Rau, Moshi
(Jina limehifadhiwa)